Kamera Iliyokuja Ndani ya Koti

Filister alikuwa fundi wa kushona pale Magunga, na kama kuna mtu aliyeijua milango ya watu kwa upande wa nje, ni yeye. Angekuambia mlango wa nani umeliwa na mchwa, wa nani hufungwa kwa kamba, na wa nani umepakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye ujenzi wa kanisa. Ndani ya nyumba hizo hakuwa ametia mguu tangu mumewe afariki.

Mumewe, Duke, alikufa maji ziwani karibu na kisiwa cha Remba. Walimzika mbele ya nyumba yake, watu wakala, wakaimba, wakatawanyika, na Filister akabaki na jina jipya: chi liel, kwa Kijaluo mke wa kaburi. Si tusi. Maana yake ni kwamba mpaka mwanamume wa ukoo wa marehemu amrithi, mjane huyo bado ni mke wa aliyelala ardhini, na mke wa aliyelala ardhini haingii nyumba za watu walio hai. Akiingia anawaletea chira, ile nuksi inayokondesha watoto wa wenzio mpaka wakaisha, na daktari asione kitu.

Hakuna aliyemfukuza. Hapo ndipo ubaya wenyewe ulipokuwa, maana ukifukuzwa utapata wa kugombana naye. Filister alitolewa kiti. Akipiga hodi kwa jirani aliitikiwa kwa furaha kubwa, na kabla hajafika mlangoni kiti kilikuwa kimeshatoka nje na kuwekwa kivulini, chai ikifuata, maandazi yakifuata, vicheko juu yake. "Keti hapa, nyieka, huku nje kuna hewa." Hata mke wa mchungaji, ambaye mumewe kila Jumapili aligonga mimbari akisema Kristo amekata minyororo ya mila, alimtolea kiti kizuri cha plastiki chenye mikono. "Huku nje kuna hewa," alisema na yeye, na siku hiyo manyunyu yalikuwa yanaanguka.

Neno moja tu lingemaliza mambo yote hayo. Elkanah, binamu ya Duke, alikuwa tayari kumrithi tangu matanga hayajaanuliwa. Alikuwa mtu mpole, mchuuzi wa omena, dagaa za ziwani, aliyezinunua Remba na kuzipeleka soko la Migori kila wiki, mwenye mke aitwaye Benta na watoto wenye afya. Hakulewa. Hakuwahi kumpandishia Filister sauti. Kila baada ya mavuno alikuja, akaketi nje ya mlango wake, akauliza habari za watoto wawili walioko shule ya bweni, kisha akasema, "Mimi sikusukumi, shemeji. Nangoja tu." Na Filister kila mara akamjibu, "Nilikuwa na mume mmoja, Elkanah. Alinitosha." Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini Filister hakuona simba pale. Aliona shemeji aliyechomwa na jua.

Viti vya majirani alikuwa amevizoea. Kilichomla ndani kwa ndani ni mama yake, Priscah, huko Osiri upande wa Migori, ambako watu wanachimba dhahabu mpaka karibu na jiko. Mila ile ile ilimfungia na huko: mjane asiyerithiwa haingii hata kwao alikozaliwa. Miaka ya mwanzo walipata njia yao. Filister alifika langoni, kaka yake Austine akatoa kiti, na mama akaja na mkongojo wake polepole, akaketi upande wa ndani. Mmoja ndani ya ua, mwingine nje, walipiga soga mpaka jua likageuka. Mama alikuwa na tabia ya kuikamata mikono ya mwanawe kupitia langoni na kuikagua vidole, kama anayetafuta kidole kilichopotea.

Kisha mama akaanguka na mguu ukakataa. Walimsogezea kitanda karibu na mlango ili apate mwanga, na langoni hakufika tena. Safari iliyofuata Filister alikaa pale tangu asubuhi akiutazama mlango ulio wazi. Aliona giza, na ndani ya giza kitu cheupe. Austine akamwambia hiyo ni shuka. "Anakuona," Austine alisema. "Anasema umekonda." Filister hakuona mtu. Alirudi Magunga akiwa amesalimiana na shuka.

Walijaribu simu. Austine alipiga ile ya video, akamkabidhi mama. Mama, ambaye tangu azaliwe simu ni kitu cha sikioni, akaiweka sikioni, na Filister akazungumza na sikio la mama yake mpaka mtandao ukakatika. Siku hiyo alicheka. Baadaye alilia, kwa sababu hata sikio lilikuwa limezeeka.

Mambo yalikuwa hapo kwaya ya kanisa ilipoleta habari ya kamera. Walitaka nyimbo zao ziende YouTube kama za kwaya nyingine, na simu zao zilichukua picha zinazotetemeka na sauti ya upepo mtupu. Wakachanga. Wakakubaliana inunuliwe kamera ya video ya bei ya watu wa kawaida, na mshika kamera awe Filister. Sababu waliitaja bila haya. "Kwa harusi na matanga wewe unakaa nje ya nyumba tu," alisema Benta, ambaye ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. "Sisi tuimbe, wewe uchukue." Walidhani wanamheshimu. Na Filister, ambaye hakuwa ameshika kamera yoyote zaidi ya ile ya simu yake yenye kioo kilichopasuka, alikubali upesi hata wakashangaa.

Hawakujua alichowaza. Aliwahi kumwona mpiga video mmoja harusini akisimama mbali kabisa na jukwaa, na kwenye kioo chake kidogo pete ya bibi harusi ikaonekana kama iko kiganjani. Kama kuna mashine inayoweza kuvuta pete, basi inaweza kuvuta uso wa mama kutoka kitandani mpaka langoni. Kwaya itapata nyimbo zake, na yeye atapata uso.

Duka lilikuwa Migori mjini, kando ya barabara kuu, na mwuzaji alikuwa kijana wa Kikuria aitwaye Nchagwa, mwenye maneno mengi na kucha safi. Yeye Mkuria, mteja wake Mjaluo, basi walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikikunja kwa upande wake.

"Mathe, karibu. Unataka ya harusi ama ya YouTube?"

"Ya kanisa. Isikuwe ghali. Na mimi kamera sijui, usinicheze."

"Mimi siwezi cheza na mama. Cheki hii." Akaweka juu ya kaunta kamera ndogo inayong'aa, yenye kioo cha kugeuza na rimoti ndani ya nailoni. "Hii ni 4K, mpya kabisa. Zoom yake mara kumi na sita. Mtu mwenye anaanza, hii ndiyo dawa. Bei pia ni ya mtu mwenye anaanza."

Bei kweli iliingia kwenye mchango wa kwaya na chenji ikabaki. Filister alikaribia kusema funga. Lakini fundi wa nguo hanunui kitambaa bila kukivuta, na mkono wake ukajiendea wenyewe. Akauliza kama anaweza kujaribu kutazama nje.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibao cha kinyozi, kimechorwa vichwa vya wanaume wanne, na chini yake maandishi madogo. Akaielekeza kamera huko, akabonyeza pale alipoonyeshwa, na vichwa vikaja. Vikaja vikikua, na kadiri vilivyokua vikawa uji. Macho ya wale wanaume yakageuka viraka. Maandishi yakawa ukungu.

"Hii inavuta," aliuliza taratibu, "ama inanyoosha?"

Nchagwa akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Inanyoosha. Zoom ya hii ni digital. Ni kama chapati, mathe, ukisukuma inakuwa kubwa lakini unga ni ule ule. Yenye inavuta ukweli ni ya lenzi, lazima vioo vitembee huko ndani. Lakini hizo ni za kitambo. Watu hawazitaki, hazina 4K."

"Nataka ya kuvuta."

"Na 4K je?"

"Hiyo uzia wale wenye wanaingia ndani."

Nchagwa hakuelewa, na Filister hakumweleza. Kijana akapanda kistuli, akashusha kutoka rafu ya juu kamera nyeusi, nzito, iliyokwaruzika ubavuni, ambayo mpiga video fulani wa harusi aliiacha alipobadilisha kazi. Akaichomeka kwenye umeme. Filister alipobonyeza alisikia ndani yake kitu kikitembea, sauti ndogo kama cherehani yake inapoanza kwa upole. Kibao kikaja. Akasoma maandishi: "Wazee kwanza." Juu ya pua iliyochorwa akaona nzi ametua, akijipangusa miguu. Filister akatabasamu peke yake.

"Sasa gizani," akasema.

"Gizani wapi?"

Akaielekeza chini ya kaunta, kwenye giza lililojaa maboksi. Ile mpya, alipoijaribu hapo hapo, ilionyesha punje tupu, kama mchanga unaochemka. Hii kuukuu ilifikiri kidogo, kisha ikaonyesha kandambili za Nchagwa, na soksi, na kidole kikubwa kikichungulia kwenye tundu la soksi.

"Mathe, hapo sasa umenivua nguo," Nchagwa akasema akirudisha mguu. Lakini hakuwa mchoyo wa mafunzo baada ya hapo. Alimwambia akivuta mbali sana mkono utatetemesha picha, kwa hiyo akamwongezea stendi ya miguu mitatu, kuukuu nayo. Akamwonyesha tundu la maiki, ili kwaya isije ikalalamika. Akamwonyesha kadi ya kuhifadhi picha inaingia wapi. Tatizo lilibaki moja. Betri yake ilikuwa imekufa, haikushika hata wimbo mmoja. "Nitaagiza ingine Kisumu. Wiki ijayo kila kitu iko tayari. Unatuma mtu, ama unakuja?"

Filister alikuwa na sare za shule za kushona, nguo za watu zimejaa kibandani. Wanakwaya wenyewe wakapata jibu: Elkanah hupita Migori kila wiki na omena zake, si ataichukua tu? Elkanah akasema hakuna neno.

Siku aliyorudi nayo, Magunga mvua ilikuwa inamwagika. Jioni haijakolea Filister akasikia anaitwa. Elkanah alisimama mlangoni, shati limemganda mwilini, na mikononi kafumbata bunda lililoviringishwa ndani ya koti lake.

"Shika, shemeji. Nimeifunika na koti isinyeshewe."

"Na wewe je? Umeloa chapachapa."

"Mimi ni mtu tu, nitakauka. Hiyo ndiyo haiwezi kukauka." Akacheka, akampa bunda, akageuka na kukimbia kwenye mvua akiwa na shati tupu. Filister alimwonea huruma. Alijisemea kwamba pengine amekuwa akimjibu mtu huyu kwa ukali kupita kiasi.

Akafungua koti. Ndani yake boksi lilikuwa limefungwa kwa nailoni, nailoni juu ya nailoni, na utepe wa gundi umezungushwa kila pembe. Lilikuwa kavu kama unga. Mtu mwangalifu, akawaza. Koti lenyewe lilitiririka maji, na mtu aliyelelewa vizuri haachi koti la mwenzake sakafuni. Kando ya mlango kulikuwa na msumari. Ulikuwa msumari wa Duke, ambapo alitundika koti lake kila aliporudi kutoka ziwani, na tangu azikwe haukuwa umebeba kitu. Filister akatundika koti pale likauke. Akarudi kwenye boksi lake.

Jioni yote ilikwenda hivyo. Alivuta kibati cha chumvi. Alivuta mshono wa pazia na kuona pale aliporuka. Alivuta picha ya Duke ukutani mpaka akaona kovu dogo juu ya nyusi ambalo alikuwa amelisahau, akakaa nalo kwa muda. Duke peke yake ndiye aliyemwita nyar Osiri, binti wa Osiri. Alilala akiwa na furaha, na alikuwa hajalala na furaha muda mrefu.

Asubuhi mama mkwe wake, ambaye mji mzima walimwita Dani, alikuja kuomba moto. Alisimama mlangoni, akafungua kinywa kusalimu, na salamu ikabaki njiani. Macho yake yalikuwa kwenye msumari. Kisha bibi kizee yule, aliyekuwa akilalamika magoti tangu mwaka juzi, akapiga kigelegele kilichowaamsha mbwa.

Hapo ndipo Filister alipokumbuka. Alikuwa anaijua mila hiyo tangu utotoni kama anavyojua jina lake. Zamani mrithi aliingia mwenyewe akalala. Siku hizi, kwa wajane wa kanisani, wazee wamelegeza kamba: mwanamume akileta koti lake, na mjane mwenyewe akalitundika kwa mkono wake, na koti likalala ndani mpaka asubuhi, basi, mwenye koti amelala. Wajane wenzake wawili pale kanisani walimaliza mambo yao hivyo, kwa makubaliano. Yeye alimaliza yake kwa kuzubaa, macho yote yako kwenye boksi.

"Dani, si hivyo," alisema. "Lilikuwa limeloa. Alileta kamera."

"Ni nani alilitundika?"

Filister akautazama mkono wake.

"Ni wewe. Basi. Koti likilala limelala, nyathina, mwanangu. Maji yamemwagika, hayazoleki." Na Dani alilia, machozi ya kweli, kwa sababu na yeye alikuwa amechoka kumtolea mkwe wake kiti nje.

Benta akaja akiwa na sukari ndani ya gazeti. Wake wa ndugu, kwa Kijaluo, huitana nyieka, mke mwenzangu, kwa adabu tu, na Benta alikuwa amemwita Filister hivyo siku zote. Sasa alisimama uani, akaliangalia koti la mumewe, akasema, "Nyieka," na neno lilikuwa limebadilika kinywani mwake. Akaweka sukari chini, akaondoka bila kuaga.

Simu ikalia. Alikuwa Nchagwa. "Mathe, ilifika poa? Mvua ilikuwa mob, lakini mimi sikuwa na wasi. Nilifunga nailoni mara tatu, hata ungetupa kwa ziwa hakuna maji ingeingia. Nilimwambia yule mzee hakuna haja ya koti. Akasema anajua kazi yake."

Filister akakata simu. Kisha akanyanyuka. Hasira zilimpanda kutoka miguuni, hasira ya mtu aliyefanyiwa ujanja na akashukuru juu yake. Alilinyakua koti pale msumarini, bado zito kwa maji, akatoka kuelekea kwa Elkanah. Alinuia kulitupa mbele yake, watoto na majirani wakiona, na aseme maneno ambayo hata mchungaji angeyasikia. Mila gani inamfunga mtu kwa sababu ya msumari? Acha waendelee kumtolea kiti. Atakaa kwenye kiti hicho mpaka azeeke nacho.

Hakuwa amefika nusu ya njia simu ilipolia tena. Alikuwa kaka yake, Austine.

"Filister, Mungu ni mwema! Elkanah alinipigia alfajiri, akaniambia mambo imeisha."

"Alfajiri?" Alfajiri hata Dani alikuwa hajaamka.

"Eeh, alfajiri. Nikamwambia mama. Filister, mama amecheka! Hajacheka tangu aanguke. Anasema sasa utamwosha miguu wewe mwenyewe, amechoka na mikono ya wanaume." Sauti ya Austine ikashuka. "Kuja haraka. Uji anakunywa kidogo sana sasa. Kuja, lango iko wazi."

Simu ikakatika. Filister akasimama njiani, koti mkononi, maji yakidondoka juu ya kiatu chake. Mbele yake aliliona paa la Elkanah. Akilirudisha koti, habari itafika Osiri kabla yake, kama ile ya kwanza ilivyofika, na Austine atalifunga lango huku akiomba msamaha, kisha atatoa kiti. Mama ataambiwa ilikuwa makosa. Alijaribu kumfikiria mama akiambiwa hivyo, akashindwa kuendelea kufikiri. Alimchukia Elkanah. Aliichukia kamera, ambayo aliichagua kwa akili zake zote na ikaja imebeba mtego mgongoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anateka maji akampungia mkono na kumpigia kelele ya hongera.

Filister akageuka. Akarudi nyumbani, akaingia, na akalitundika koti pale pale pa Duke. Safari hii hakuna aliyeweza kusema kwamba hakujua anachofanya.

Osiri alifika kesho yake, na kamera ndani ya kikapu. Austine alikuwa amefungua lango lote, mabati yote mawili, na kiti hakikuwepo popote. "Ingia, dada yangu," alisema akicheka. "Unangoja nini?"

Hakujua anangoja nini. Alisimama pale alipokaa siku zote, akafungua miguu mitatu ya stendi, akaiweka kamera juu. Austine alimtazama kama mtu aliyepandwa na kichaa, lakini akamwacha. Filister akaelekeza kwenye mlango, akabonyeza, na vile vioo vikaanza kutembea ndani.

Giza likaja. Ndani ya giza, shuka. Akavuta tena. Juu ya shuka, pole pole, kama mkate unavyoumuka, ukatokea uso. Ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na nywele, ambazo mama hakuwahi kuziacha bila kitambaa mbele za watu, zilikuwa wazi na nyeupe. Lakini macho yalikuwa yale yale, na yalikuwa yanamtazama moja kwa moja, kama yalivyomtazama siku ile ya shuka, naye asijue. Picha haikutetemeka hata kidogo. Filister alikuwa amechagua vizuri. Wakati huo wote aliokuwa akihangaika Migori na vichwa vya kinyozi, alichokitaka ni hiki, na alikipata, na bila kuingia kwa mtu.

Kisha midomo ya mama ikasogea. Sauti haikufika langoni, lakini kwenye kioo kidogo neno lilisomeka wazi. Donji. Ingia.

Aliiacha kamera ikiwa inachukua, akaingia.

Alichemsha maji mwenyewe. Alimwosha mama miguu, kidole kwa kidole, na mama naye alimkamata mikono akaikagua vidole, vyote vikawepo. Baada ya muda mama akauliza, "Ni nani?"

"Elkanah."

"Ni mtu mzuri?"

Filister alikausha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. "Ni mtu mwangalifu," alisema. Mama akamtazama kwa muda mrefu, halafu akafumba macho bila kuachilia mikono yake.

Aliporudi Magunga wanakwaya walikuwa wanaingoja kamera yao. Walikusanyika nyumbani kwa mke wa mchungaji, na Filister aliingizwa ndani, akakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa, mara ya kwanza tangu afiwe. Walitazama picha aliyoijaribia: uso wa bibi kizee, kisha mwanamke anayepita mbele ya lenzi na kuuficha uso ule kwa mgongo wake, akienda, akipungua, mpaka mlango ukammeza. Wakapiga vigelegele. Wakasema picha ni safi. Mmoja akasema sasa Filister yuko huru, ataimba nao ndani, kamera atashika nani? Benta hakupiga kigelegele. "Tungenunua tu kamera mpya, uje nayo siku ile ile," alisema. "Hii ya kuvuta ilikuwa ya nini?"

Filister alipofika kwake, mlango ulikuwa wazi. Elkanah alikuwa ameketi ndani, kwenye kiti cha Duke, miguu ameinyoosha. Koti lilikuwa msumarini, limekauka. Kando yake palikuwa na msumari wa pili, mpya, unang'aa, na juu yake kofia.

"Umerudi," alisema kwa upole wake ule ule. "Mama anaendeleaje? Chai iko, nyar Osiri?"

Neno shemeji lilikuwa limekwisha. Filister aliiweka kamera juu ya cherehani, akainjika maji. Alimtengea chai, akaitia sukari ya Benta, akamwekea karibu na mkono. Kisha akanyanyua kiti chake mwenyewe, akakitoa mlangoni, akakiweka uani, akaketi.

"Mbona unakaa huko?" Elkanah akauliza kutoka ndani. "Mvua inakuja."

"Huku nje kuna hewa," Filister alisema, na manyunyu yakaanza kuanguka.